Programu ambayo haiulizi habari ya mutoto



Ku iniversite tulifundishwa kazi moja ambayo wengi wetu tuliiacha palepale siku ya kutetea memware: kuchukua andiko, kulisoma polepole, kisha kuuliza linasema nini, linaficha nini na linamutumikia nani. Leo nataka tuirudilie ile kazi. Lakini andiko letu halitoki mu bibliotheki, linatoka mu telefone zetu. Ni yale matangazo ya programu za kupunguza kilo ambazo zinauzwa kwa mama aliyetoka kuzaa: ti ya kusafisha tumbo, gene ya kufunga kiuno, rejimu bila bugali, shalenji ya siku 30, grupu ya WhatsApp ya kulipia. Mama anatoka materinite leo, na mbele kitovu cha mutoto kikauke, mutu amekwisha kumutumia moja kati ya hizo.

Hii habari inatuhusu kwa sababu miaka yetu imefika. Tulipata diplome, wengine wakaoa, wengine wakaolewa, na kila mwezi tunaona foto ya mutoto muchanga ya mwenzetu fulani. Pongezi zikiisha, inafuata sauti ingine: "Weye, ulinona vile! Utarudilia mwili lini?" Anayesema hivyo hana kila mara ubaya. Ni dada, ni rafiki ya ku kazi, mara ingine ni bwana mwenyewe. Na upande mwingine wa nyumba, mama-mukwe anamimina masoso mu kikombe kingine na kusema: "Kunywa, mutoto atapata maziwa." Mama muzazi anakaa katikati ya hizo sauti mbili, usingizi hakuna, na telefone iko mu mukono.

Nitatoa hukumu yangu mapema, kisha nieleze. Programu ya mama muzazi tuipime kwa maswali ambayo inauliza mbele ya kuchukua feza. Kama haiulizi "ulizaa lini, ulizaa namna gani, unanyonyesha?", basi haikutengenezwa kwa ajili yako, hata kama juu yake waliandika "spesiali kwa wamama".

1. Foto ya mbele na foto ya nyuma

Tuanze na ile silaha kubwa ya wauzaji: foto mbili. Ku kushoto, mama mwenye tumbo, uso umechoka, mwangaza mubaya. Ku kuume, mama yuleyule, kiuno kimeingia, anacheka. Chini yake wanaandika: "Juma sita tu!"

Sasa tufanye hesabu. Tangu mwaka wa 2009, mapendekezo ya Amerika ambayo waganga wengi duniani wanayatumia yanasema mwanamuke mwenye uzito wa kawaida aongeze kati ya kilo 11.5 na 16 mu mimba. Zile kilo ziko wapi? Mutoto ana karibu kilo 3. Kondo la nyuma lina karibu nusu kilo. Maji ya uzazi yanakaribia kilo moja. Zingine ziko mu kizazi, mu damu iliyoongezeka, mu matiti, mu maji yanayojaza miguu, na mu akiba ya mafuta ambayo mwili unajiwekea kwa ajili ya kunyonyesha. Siku ya kuzaa peke yake, karibu kilo tano ao sita zinatoka. Siku zinazofuata, maji yanatoka mu mikojo na mu jasho ya usiku. Kizazi, ambacho nyuma ya kuzaa kina karibu kilo nzima, kinarudi hata chini ya gramu 100 kisha juma sita hivi.

Mumeelewa? Piga mama foto mu juma la kwanza, umupige tena mu juma la sita, na tofauti itaonekana hata kama mu hayo majuma hakunywa ti yoyote. Programu inakuuzia kazi ambayo mwili wako unafanya wenyewe, bure. Ni sawa na mutu kukutoza feza hapa Bukavu ili mvua inyeshe mu mwezi wa kumi na moja. Itanyesha, ndiyo. Lakini si yeye aliyeileta.

Na kuko kitu kingine ambacho zile foto mbili hazionyeshe: mutoto. Tunaona kiuno cha mama mu juma la kwanza na la sita. Mutoto alikuwa na kilo ngapi, na sasa ana ngapi? Hakuna anayesema. Kumbe hiyo njo foto tulihitaji.

2. Ti na gene

Ti za "kusafisha tumbo" nyingi ndani yake kuko majani ya sena, ao dawa ingine ya kuharisha. Zinafanya nini? Zinakupeleka choo. Ukitoka choo ukipanda ku balansi, balansi inashuka, kwa sababu umepoteza maji na mavi. Mafuta ya mwili hayakuguswa. Kesho ukinywa maji, kilo inarudi, na unanunua pakiti ingine. Biashara nzuri kwa muuzaji.

Kwa mama anayenyonyesha, shida ni kubwa zaidi. Maziwa yanahitaji maji, na mama anayeharisha kila siku anakauka. Tena, pakiti nyingi zinaandikwa "ya asili" bila kutaja kila kitu kiko ndani wala kipimo chake. Sisi watu wa masomo tusidanganywe na neno "asili". Tumbako ni ya asili. Kama karatasi haionyeshe majina yote ya majani na kipimo, na muuzaji hawezi kusema kama yanapita mu maziwa, jibu ni moja: hapana.

Gene nayo tuitendee haki. Kufunga tumbo si uchawi wala si ujinga. Wamama wengi, zaidi wale walipasuliwa, wanasikia kama kitambaa kinawashikilia mugongo na kovu wakisimama, na hiyo ni faida. Lakini kitambaa hakiyeyushe mafuta. Ukikaza sana, nguvu yote inasukumwa chini, ku misuli inayobeba kizazi na kibofu, na hiyo misuli imetoka tu kufanya kazi ngumu kupita zote. Kwa hiyo ifungwe kwa kiasi, na mama aweze kupumua na kucheka bila shida. Yule anayekuambia ulale nayo usiku na mchana "ili mafuta yatoke" anaiombea kitambaa kazi ambayo haiwezi.

3. Rejimu bila bugali

Hapa tunaingia mu vitu vinavyotujia kwa Kifaransa, na kwa hiyo vinaonekana vya heshima. Mutu anaandika "rejimu ya ketojeni" ao "rejimu Dukan", na msomi anaamini, kwa sababu kuko kitabu na kuko daktari.

Tuikamate ile ya Dukan kama mufano. Pierre Dukan ni mufaransa, kitabu chake kilitoka mwaka wa 2000 na kikauzwa sana. Rejimu yake ina hatua ine, na ya kwanza ni kula nyama, samaki, mayai na maziwa yasiyo na mafuta, karibu bila kitu kingine. Mwaka wa 2010, Anses, shirika la taifa la Ufaransa linaloangalia usalama wa chakula, lilitoa uchunguzi juu ya rejimu 15 za kukondesha, ya Dukan ikiwa ndani. Lilionya kama rejimu za namna hiyo zinaweza kuharibu usawa wa chakula mwilini, na kama watu wengi wanarudilia zile kilo kisha muda. Na hapo walikuwa wanasema juu ya watu wazima kwa jumla. Mama anayenyonyesha anabeba mzigo mwingine juu ya huo.

Mzigo gani? Kutengeneza maziwa kunakula karibu kaloria 500 kwa siku. Sehemu inatoka mu chakula, sehemu inatoka mu ile akiba ya mafuta. Yaani mwili wa mama tayari uko mu programu, na hiyo programu hailipiwi. Ukimukatalia tena bugali, viazi, ndizi na maharaki kwa ghafula, mwili unatafuta nguvu mu mafuta kwa haraka sana, na damu inaweza kujaa asidi. Waganga wameandika visa vya wamama waliokuwa wanyonyeshaji, wakaingia mu rejimu bila wanga, wakafikishwa hospitali wakitapika na kupumua kwa shida. Si vingi. Lakini kwa nini mama wa Bukavu ajaribu bahati yake juu ya bugali?

Na kuko sababu ingine ya kuikataa hapa kwetu: ni rejimu ya mutu mwenye frigo. Nyama asubuhi, samaki mchana, mayai magharibi, kila siku, mu nyumba ambamo watu sita wanakula sahani moja? Mama ataona ameshindwa, kumbe rejimu njo ilimushindwa. Programu ambayo haijue sombe, lengalenga, sambaza na maharaki haijue jikoni yako. Na kusema kweli, mu hiyo jikoni kuko karibu kila kitu kinahitajika. Kitu cha kupunguza kinajulikana: mafuta ya ngazi yanayoelea juu ya sombe, mandazi ya saa nne, sukari vijiko vitano mu masoso, soda ya wageni. Masoso yenyewe, yaani mahindi, soja na mtama, ni chakula kizuri. Mama-mukwe ana haki. Tumuombe tu apunguze sukari.

Tuseme pia ukweli wa upande mwingine, ili tusianguke mu uongo wa "mama anayenyonyesha asipunguze hata gramu moja". Mwaka wa 2000, jarida la waganga la Amerika linaloitwa New England Journal of Medicine lilitoa uchunguzi juu ya wamama 40 wenye uzito uliopita kiasi, wote wakinyonyesha. Kundi moja, kuanzia juma la ine nyuma ya kuzaa, walipunguza chakula kwa kiasi na kufanya mazoezi muda wa juma 10. Walipoteza karibu nusu kilo kwa juma. Watoto wao walikua sawasawa na watoto wa kundi lingine. Kwa hiyo inawezekana. Lakini muangalie ile mwendo: nusu kilo kwa juma, na watoto walikuwa wanapimwa. Wataalamu wengi wanashauri pia mama anayenyonyesha asishuke chini ya kaloria 1,500 ao 1,800 kwa siku. Linganisheni na tangazo linaloahidi "kilo 10 mu siku 15", kisha mujue nani anasema juu ya mwili na nani anasema juu ya feza.

4. Shalenji ya siku 30

Shalenji inaanza vile: siku ya kwanza, kulala chali na kuinua kifua mara 20. Siku ya 30, mara 200. Vidéo ya TikTok ina muziki, dada anayeonyesha ana tumbo kama ubao. Shida ni kama wakati wa mimba, misuli miwili ya mbele ya tumbo inaachana ili mutoto apate nafasi. Nyuma ya kuzaa inarudi polepole, na kwa wamama wengine nafasi inabaki miezi mingi. Kuinua kifua mara 200 juu ya tumbo lililofunguka kunaweza kusukuma vitu nje badala ya kuviingiza, na tumbo linatokea kama muguu wa kilima katikati. Mama anafikiri ni mafuta, anaongeza mara 300.

Kisha kuko ile misuli ya chini. Hapa Bukavu hatuna ruhusa ya kutojua. Hospitali ya Panzi, ya daktari Denis Mukwege aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 2018, imejulikana dunia nzima juu ya kuwatengeneza wanawake walioharibika sehemu za uzazi, na kati yao kuko wale walioharibikia mu kuzaa kwenyewe. Mji unaojua hayo hauwezi kumwambia mama wa juma la tatu aruke kamba. Mama akicheka mkojo ukatoka, ao akisikia kitu kizito kinashuka, hiyo si haya ya kufichwa. Ni ishara ya kuonyesha mkunga ao munganga.

Tena shalenji imeandikwa kwa mutu anayekaa ku kiti siku nzima. Mama wa Kadutu hakai ku kiti. Anapanda na kushuka vilima, na kwa wengi kuko bidoni ya lita 20, ambayo ni kilo 20 juu ya kichwa ao mugongoni. Kwa huyo mama, zoezi la kwanza la programu nzuri lingekuwa kuacha bidoni kwa majuma ya kwanza. Hakuna tangazo hata moja linasema hivyo, kwa sababu kuacha bidoni hakuuzwi. Kunahitaji mutu mwingine abebe.

Mazoezi yenyewe yanajulikana na ni ya bure. Siku za kwanza: kukaza misuli ya chini kama mutu anayezuia mkojo, kuachilia, kurudilia, hata akinyonyesha. Kisha kutembea, dakika kumi, kesho kumi na tano. Kama alizaa kawaida na anasikia vizuri, anaongeza polepole. Kama alipasuliwa, anangoja kovu na anauliza. Shirika la Afya Duniani, mu mapendekezo yake ya mwaka wa 2020, linasema wanawake nyuma ya kuzaa, kama hakuna kizuizi, wafikie walau dakika 150 za mwendo wa kiasi kwa juma. Yaani nusu saa, siku tano. Mutoto mugongoni, kikwembe kimefungwa vizuri, kutoka nyumbani hata soko na kurudi: umekwisha fanya.

5. Programu moja yenye kitu cha kujifunza

Si zote za kutupa. Mwanzo wa miaka ya 1960, mama mmoja wa New York, Jean Nidetch, alichoka na rejimu zilizomushinda akiwa peke yake. Aliita marafiki nyumbani kwake, wakawa wanakutana kila juma, kila mutu anasema alichokula kwa siri na kilichomushinda. Mu 1963 ile mikutano ikawa kampuni Weight Watchers. Baadaye ikawa biashara kubwa ya poenti na chakula cha pakiti, na hapo naiacha. Lakini mambo mawili ya kule ni ya haki: mama mwenye mimba hawamupokee mu kukondesha, na mama anayenyonyesha wamemuwekea hesabu yake, anapewa kula zaidi kuliko wengine. Wanauliza lile swali.

Na siri ya mwanzo haikuwa poenti. Ilikuwa wanawake kukaa pamoja bila kuchekana. Hiyo hatuhitaji kuinunua dola. Sisi ni watu wa likelemba. Tunajua kukutana kila juma, kuandika mu kayé, kumutetea aliyeshindwa mwezi huu. Wamama wane wa avenue moja wakiamua kutembea pamoja saa kumi na moja ya jioni mara tano kwa juma, na mara moja kwa mwezi wapeleke watoto kupimishwa pamoja ku santre ya afya, hiyo ni programu yenye nguvu kupita grupu ya kulipia ambamo mwenye grupu hajue hata jina la mutoto.

6. Na ya kwetu?

Mutu ataniambia: bibi zetu walikuwa na programu yao. Kweli. Lakini hata yao tuisome kwa macho hayohayo. Maji ya moto ya kukanda tumbo yanatuliza maumivu, lakini hayayeyushe mafuta, na yakiwa ya moto sana yanachoma ngozi, zaidi kwa aliyepasuliwa. Hiyo sehemu tuiache. Sehemu ya kushika ni ingine: mama muzazi hakubebeshwa kazi.

Mu inchi yetu kuko mahali ambapo wazo hilo limefikishwa mbali sana. Upande wa Équateur na Mai-Ndombe, kwa Waekonda, mwanamuke aliyezaa mutoto wa kwanza anaitwa Walé. Anarudi kwa wazazi wake, anatengwa na bwana, anaondolewa kazi ngumu, anapakwa ngola nyekundu, anatunzwa na kuheshimiwa. Inaweza kudumu miaka. Siku ya kutoka, anaimba na kucheza mbele ya watu wote kusifu namna alivyokaa. Mtaalamu Hélène Pagezy aliandika juu ya unene wa hao wamama: kwao mama kunona ni alama kama alitunzwa. Mu 2013, Patrick Willocq, mupiga foto mufaransa, aliwapiga zile foto ambazo dunia ilizifahamu.

Sisemi tufanye vile. Miaka mu kutengwa, bibi ya kazi ya biro hawezi, na afya haidai hivyo. Unene wenyewe si wa kusifiwa bila kipimo: mama anayebaki na kilo nyingi toka mimba moja hata ingine anaongeza hatari ya sukari na ya tansio mu mimba inayofuata. Lakini muone swali ambalo Waekonda wanauliza mbele ya mama muzazi: "Nani anamutunza?" Na swali la tangazo: "Kiuno kina sentimetri ngapi?" Mimi najua lipi kati ya haya mawili ni la watu waliokwisha kulea mutoto.

7. Maswali matano ya kuuliza mbele ya kulipa

Kwa dada ambaye anataka kweli kupunguza kilo, na ana haki ya kutaka, hii njo mizani yangu.

Moja. Wanauliza ulizaa lini na namna gani? Mbele ya juma la sita hivi, programu ya kukondesha haina haraka yoyote. Mwili ungali unafunga, maziwa yangali yanajipanga.

Mbili. Wanauliza kama unanyonyesha na kama mutoto anapanda kilo? Mu miezi sita ya kwanza mutoto anapashwa maziwa ya mama peke yake. Maziwa yakipungua na biberon ikaingia, kuko matumizi ya feza, kuko maji machafu, kuko kuhara. Na kuko jambo ambalo wengi wanasahau: kunyonyesha kabisakabisa, mu miezi sita ya kwanza na hedhi ikiwa haijarudi, kunachelewesha mimba. Ukiharibu kunyonyesha kwa ajili ya kiuno, unaweza kujikuta na tumbo lingine mbele la kwanza liishe.

Tatu. Wanauliza magonjwa na dawa? Tansio ya mimba, sukari, damu kupungua. Na planing: sindano ya miezi mitatu inaongezea wanawake wengine kilo. Kama njo hiyo, usiiache peke yako kwa hofu ya kunona. Enda ukaulize njia ingine.

Ine. Wanajua unakula nini na nani anapika? Kama listi yao inahitaji duka kubwa, si ya kwako.

Tano. Wanasema wakati gani wa kuacha? Kichwa kikali chenye giza mu macho, homa, damu nyingi, muguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi: hizo si "sumu inatoka" vile wanasemaka. Ni hospitali, leo hii. Na huzuni isiyoisha, mama analia kila siku, hataki hata kumushika mutoto: huyo hahitaji rejimu, anahitaji msaada.

Programu ikishinda hayo matano, jaribu. Lakini jaji wa mwisho si balansi ya mama. Ni kadi ya mutoto ya CPS. Mama anashuka nusu kilo kwa juma na mustari wa mutoto unapanda: endelea. Mustari wa mutoto umelala: acha programu, enda uonyeshe mutoto na wewe mwenyewe. Ile karatasi hapo santre haigharimu sawa na ti, na haidanganye.

8. Neno kwa wababa

Kaka zangu, sikuwasahau. Nusu ya matangazo haya yanauzwa kwa sababu ya neno moja ambalo bwana alitupa mezani akicheka. Mama ambaye halali hawezi kukondeka vizuri: usingizi mudogo unaongeza njaa, na njaa ya usiku inatafuta mukate na sukari. Kwa hiyo kama unataka kweli afya ya bibi yako, chukua bidoni. Shika mutoto nusu saa jioni ili yeye atembee. Kula ile sombe yenye mafuta kidogo bila kununa. Na hiyo dola 30 uliyotaka kulipia programu, nunua mayai na sambaza.

Mwenye kukataa hiyo orodha lakini anataka kiuno cha zamani kirudi haraka, huyo hatafuti afya ya bibi yake. Anatafuta foto ya nyuma, na foto ya nyuma tumekwisha kuisoma.

Mwenye mwenzake aliyezaa mwezi huu amutumie, kisha apite kwake akamubebee maji.